Wasije Wakasimuliwa

Ukiuza miche ya maua hapa Moshi, kuna jambo utalizoea mapema: watu hawasimami kwa ajili ya ua. Mwezi wa kumi mijakaranda inafunguka, barabara zinakuwa zambarau juu na chini, na watu wanapita wakiyakanyaga maua huku wakiongea na simu. Bogenvilia za kila rangi zimemwagika kwenye kuta za Shanty Town mwaka mzima, hakuna anayegeuza shingo. Anayesimama kwenye kitalu changu ni mtu anayejenga, anayeoza binti, au anayetengeneza kaburi la mzazi. Naye haulizi ua linaitwaje. Anauliza bei, kisha anauliza kama linavumilia jua.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba watu wanapenda maua, huwa namwachia tu. Nimewahi kuona watu wakijazana mbele ya kitalu changu hapa Rau, bajaji zimeegeshwa hadi kwenye mtaro, akina mama wamebeba watoto mgongoni na wengine wamewashika mkono, na kilichowaleta ni mmea ambao wengi wetu tunaupanda kuzuia mbuzi.

Mmea wenyewe ni agavi. Majani manene ya kijani yenye kijivu, miiba pembeni, na mwiba mmoja mweusi kwenye ncha ambao ukikuchoma unaulaani ukoo mzima wa aliyeupanda. Wengine huuita mkonge wa mapambo, na hawako mbali na ukweli, maana ni ndugu. Niliukuta pale nilipopanga kile kipande cha ardhi kwa Mwalimu, mzee aliyestaafu baada ya kufundisha baiolojia karibu maisha yake yote ya kazi. Anasema aliupanda kitindamimba wake akiwa shule ya msingi. Kitindamimba huyo sasa ana mke na gari.

Kuna kitu kwenye agavi ambacho mtu anaweza kupita miaka asikione. Ukilisogelea jani, kwenye ngozi yake utaona mstari wa meno uliochorwa, na meno yale si ya jani lile. Majani yakiwa machanga hubanana katikati ya mmea kwa nguvu, kiasi kwamba kila moja linaacha alama ya miiba yake kwenye mgongo wa mwenzake. Jani likifunguka, likizeeka, alama inabaki palepale. Mwalimu ndiye aliyenionyesha, akiufuatisha ule mstari kwa kifuniko cha kalamu, jani hadi jani.

Baridi ya mwezi wa saba ilipoisha na jua likaanza kuuma, katikati ya majani likatoka dude nene kama mchi wa kutwangia, kijani chenye wekundu, limefunikwa magamba. Mwalimu akaja na bakora yake, akauzunguka mmea taratibu, akaniambia, "Mama, huyu anaaga."

Agavi huchanua mara moja tu. Miaka yote ile, kumi mpaka thelathini kutegemea mahali ulipo, inaweka akiba ya maji na sukari kwenye majani na shina, halafu siku moja inaanza kuitumia yote bila kubakiza. Mlingoti unapanda juu, mita 8 au 9 ukiwa umeshiba, unachanua, na mmea unakufa. Kupanda kwenyewe kunaonekana kwa macho. Unafunga kitalu jioni, asubuhi unakuta umeongezeka karibu shubiri. Watoto wa shule wakachomeka mwanzi pembeni, wakawa wanaweka alama ya mkaa kila wakipita na kugombana ni nani aliyechora ya jana.

Mwalimu hawezi kuona watoto wamekusanyika akanyamaza. Akawaeleza habari za mkonge wa mashambani, jinsi Mjerumani Richard Hindorf alivyoagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, na jinsi ilivyofika Tanga ikiwa hai 62 tu. Kutoka kwenye hiyo 62 ndiyo yakaja mashamba tunayopita kila Desemba tukirudi Uchagani kutoka Dar, basi likikata katikati ya Korogwe. Na huko kuna milingoti kwa mamia, imesimama mistari kwa mistari. Sijawahi kusikia abiria akimwambia dereva, simama tuangalie.

Kwa wiki kadhaa basi, mambo yalikuwa hivyo. Watoto, Mwalimu, mimi, na jirani mmoja aliyekuwa na wasiwasi kwamba mlingoti utaangukia bati lake.

Kisha kijana mmoja wa bodaboda akapiga picha, akaiweka kwenye stetasi yake: ua la miaka mia, Rau, linachanua mara moja tu. Miaka mia ameitoa wapi sijui, ingawa hata Waingereza wamekuwa wakiusema mmea huu hivyohivyo tangu zamani. Jioni ile ile picha ikanirudia mimi mwenyewe kwenye kundi letu la vikoba, na sasa ilikuwa imepata mwenzake. Picha ya pili ilikuwa ya ua kubwa la rangi ya nyama mbichi, limezunguka kidole kirefu cha manjano, na wazungu wameshika pua. Chini yake sauti ya mama mmoja ninayemfahamu kabisa: "Jamani, ua linalonuka maiti limechanua Moshi. Wataalamu kutoka nje wako njiani."

Wataalamu hawakuwepo. Alikuwepo Mwalimu na bakora.

Asubuhi iliyofuata nikawakuta watu wananisubiri nje. Wengine wamejifunika pua na kanga, wengine wametoa barakoa za enzi za korona, na mlingoti wenyewe bado haujafungua hata tawi moja. Mama mmoja aliyetoka Majengo akanivuta pembeni kwa adabu, "Dada, mbona mimi silisikii?" Kabla sijamjibu, mwenzake akadakia kwamba yeye anaisikia harufu vizuri kabisa, inakuja na upepo, inakwenda. Upepo ulikuwa unatoka kwenye banda la nguruwe la jirani. Lakini unamwambiaje hivyo mtu aliyekodi bajaji na kuleta familia nzima?

Nikajikuta naeleza jambo lile lile kutwa nzima. Ile picha ya pili ni ya ua la kweli, ila si letu. Kwao ni Sumatra, Indonesia. Mtaalamu wa mimea Mwitaliano, Odoardo Beccari, ndiye aliyelitangazia Ulaya mwaka 1878. Linaweza kufika karibu mita 3, na lile unaloliona si ua moja bali mamia ya vijiua vidogo vilivyojificha chini kabisa, ndani ya lile kanzu jekundu. Linapofunguka usiku, kile kidole cha katikati kinajipasha joto karibu sawa na la mwili wa binadamu, ili harufu ya nyama iliyooza ipande na kwenda mbali. Wanaoitwa ni mende na nzi wanaokula mizoga. Wanakuja wakidhani wamepata chakula, wanaondoka na chavua mgongoni. Vijiua vya kike vinakuwa tayari kwanza, vya kiume vinafuata vile vya kike vikishapitwa na wakati, ndiyo maana ni lazima mdudu aje na chavua ya ua jingine. Kwa siku moja au mbili shughuli imekwisha, ua linainama na kuanguka.

Akina mama hawa wengi ni wakulima, na kilichowagusa zaidi ni pale Mwalimu alipowaambia kwamba lile ua ni ukoo mmoja na magimbi. Magimbi haya haya tunayopanda kando ya mifongo, mifereji yetu ya maji. Linakaa chini kwa kiazi, na bustani ya Edinburgh waliwahi kupima kimoja kikafika kilo 153.9. Bibi mmoja akaguna, akauliza kama kinalika. Naona ndilo lilikuwa swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa siku ile.

Uvumi ulikuwa umefanya jambo la kuchekesha. Ulichukua uvundo wa ua la Sumatra ukaupa mmea wetu, halafu ukachukua kifo cha mmea wetu ukalipa ua la Sumatra. Lile halifi likichanua. Kiazi kinalala, kinatoa jani moja kubwa kama mti, kinaweka akiba tena, na baada ya miaka kadhaa kinaweza kuchanua upya. Hii yetu haitoi uvundo wa mzoga hata kidogo, ila inakufa kweli. Watu walioambiwa hivi walitikisa kichwa kwa heshima, wakanishukuru, wakajifunika tena pua na kusogea karibu.

Nilianza kuchoka na kuwasema moyoni. Mwalimu ndiye aliyeniambia niwaache. Akanifungulia kwenye simu habari za Kew, bustani kubwa ya London, ambako ua lile lilichanua mwaka 1889, mara ya kwanza nje ya kwao. Lilipochanua tena huko mwaka 1926, watu walifurika mpaka polisi wakaitwa. Akanionyesha na la Sydney, Januari 2025. Watu wa bustani walilipa jina, Putricia, wakaliwekea pazia na kamera, maelfu wakapanga foleni kuliona, na waliolitazama kwenye intaneti walizidi milioni moja. Kuna wengine walipofika harufu ilikuwa imeshapungua, wakatoka wamenuna.

Nikawatazama wazungu wale kwenye foleni yao, nikawatambua. Walikuwa ni wale wale wa kwenye bajaji.

Tangu hapo nikaacha kuwauliza watu wamekuja kuona nini, nikawa nawasikiliza wanavyoongea wenyewe kwa wenyewe. Hakuna aliyesema nimekuja kuona ua. Walisema, "Nimeona nisije nikasimuliwa." Walisema, "Kesho kazini wote watakuwa wamefika, mimi nitajibu nini?" Kijana mmoja alikuwa anampigia simu mchumba wake aliyeko Dodoma, anamwambia mimi niko hapa, nasimama mbele yake sasa hivi, na mgongo alikuwa ameugeuzia mmea. Siwabezi. Kusimuliwa jambo lililotokea mtaani kwako wakati ulikuwepo ni aibu fulani, hasa hapa kwetu ambapo hata msibani anayefika amechelewa anatafutiwa lugha.

Na si ukubwa wala uhaba peke yake unaowatoa watu nyumbani. Mdogo wangu ni mgumu, ndivyo wapagazi wa mlimani wanavyoitana, na amepita njia ya Marangu mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka. Kule kambi ya Horombo, mita 3,720 na kwenda juu, kuna lobelia ambazo kwangu mimi ni ajabu kuliko agavi yoyote. Mmea unashika maji katikati ya majani yake, usiku ukiingia na baridi kali majani yanajikunja kulinda moyo wa mmea, maji yanaganda juu na chini panabaki salama. Kila kichwa kinakua miongo kadhaa kabla ya kutoa nguzo yake ya maua, maua yenyewe ya buluu yamejificha nyuma ya vijani, ndege aina ya chozi ndio wanaoyajua yalipo. Kikishachanua kile kichwa kinakufa, na ndugu zake kwenye mzizi ule ule wanaendelea. Nikamuuliza mdogo wangu wageni wanasemaje wakiliona. Akasema wanauliza zimebaki saa ngapi kufika Kibo. Yeye mwenyewe, na kilo ishirini kichwani, anauliza hilohilo. Kule hakuna aliyetangaza kwamba leo ndiyo leo, na hakuna atakayekusubiri Moshi akuulize kama uliliona.

Sasa, watu wakishakuja ni wako. Huwezi kuwarudisha. Shida ya kwanza ilikuwa majani. Sijui binadamu ana nini akiona jani la agavi, lazima aandike. Kufikia mwisho wa wiki ya kwanza kulikuwa na majina ya wapenzi, kopa mbili, jina la timu ambayo sitaitaja, na kwenye jani zuri kuliko yote, kwa herufi kubwa, FUNDI FRIJI pamoja na namba ya simu. Kovu la namna hiyo halitoki. Limebaki pale mpaka jani lilipokauka, na nina hakika alipata wateja.

Shida ya pili ni dawa. Kila mmea usioeleweka kwetu ni dawa, ya sukari, ya presha, au ya yale mambo mengine ambayo wanaume wanayauliza kwa sauti ya chini. Watu wakawa wanakata vipande. Kijana mmoja akakamua utomvu akajipaka usoni kwa ajili ya chunusi, na haikuchukua muda akawa anatafuta maji huku analia kabisa. Utomvu wa agavi una vijisindano vidogo visivyoonekana kwa macho, vilevile vinavyokuwasha koo ukila gimbi ambalo halijaiva. Tukamwosha kwa maji mengi na sabuni, uso ukabaki mwekundu. Nikamwomba akae pale kwenye benchi mpaka jioni, nikimpa soda, awaeleze wenzake. Alieleza vizuri kuliko mimi.

Kamba niliyofunga kuzunguka mmea haikusaidia kitu. Watoto walipita chini, watu wazima waliiruka, na mzee mmoja aliishikilia ajivute juu apate kupiga picha. Ndipo akashuka babu mmoja kutoka Uru, siku ya soko, koti refu na kofia, akasimama akatazama lile zogo. Nikampa shikamoo. Akapokea, akaniambia, "Mama, kamba ni ya ng'ombe. Weka isale."

Nilikuwa nayo kwenye viriba, mingi tu, maana wanaotengeneza bustani za hoteli wanaipenda kwa majani yake mapana yenye mstari. Kwetu Wachaga ina kazi nyingine. Ndiyo mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, ndiyo inayopandwa kaburini, na mtu aliyekukosea akija ameshika isale kuomba msamaha huna ruhusa ya kumfukuza. Nikakata vijiti, nikavichomeka ardhini kuzunguka ile agavi, hatua moja moja, hakuna waya wala kamba. Mtu yeyote angeweza kupita katikati.

Hawakupita. Watu wazima walifika kwenye mstari ule wakasimama wenyewe, na wakawavuta watoto nyuma. Kijana mmoja ambaye kwa lafudhi yake ametoka Kanda ya Ziwa alitaka kuingia apige selfi, mama mmoja akamshika shati kwa nyuma, akamwambia pole pole, "Mwanangu, hapo hapavukwi." Hakumweleza sababu na yule kijana hakuuliza. Kwa miaka niliyouza isale kwa bei ya mapambo, sikuwahi kufikiria kwamba inaweza kusimamia watu kuliko mgambo. Wanaojenga majumba mapya na kuyazungushia nyaya za umeme wangeweza kuokoa pesa, lakini hilo ni la siku nyingine.

Habari ya pesa ilikuja pia, isingekosa. Walionufaika haraka walikuwa bodaboda, mama wa karanga na bisi, na kijana wa mishikaki aliyehamishia jiko lake pale bila kuniaga. Baadhi ya watu wa mtaa wakashauri tutoze kiingilio, buku kwa mkubwa, jero kwa mtoto, na sehemu iende kwenye kutengeneza kivuko cha mtaro. Wazo halikuwa baya. Nililikataa, na Mwalimu alikuwa upande wangu, kwa sababu moja: aliyelipa buku atataka harufu yake. Mtu aliyekuja bure ukimwambia hainuki, anacheka. Aliyelipa anakuita tapeli.

Mimi nilichouza ni tofauti na nilivyotegemea. Agavi huzaa vichipukizi pembeni yake miaka yote, nilikuwa navyo vya kutosha, nikavipanga mbele. Mtu anakichukua, anakigeuza, anauliza litachanua lini. Ukimwambia, anakirudisha chini kwa uangalifu sana. Nikauza vichache mno. Kilichoondoka ni parachichi. Watu wakisimama mahali pamoja kwa muda mrefu wanaanza kutazama vitu vingine, na mtu aliyekuja kwa uvumi wa maiti alirudi nyumbani na miche minne ya Hass.

Kitu kilichobadilisha maswali kilikuwa ubao. Mwalimu alipaka kipande cha plaiwudi rangi nyeusi, akaandika kwa chaki, mwandiko ule wa ubaoni usio na kosa. Jina la mmea. Kwao ni Mexico. Hainuki uvundo. Inachanua kuanzia matawi ya chini kwenda juu, kwa wiki kadhaa, kwa hiyo usiwe na haraka. Mchana wanakuja nyuki na chozi, usiku popo. Ikimaliza inakufa, watoto wake wanabaki. Utomvu unawasha. Baadhi ya watu walipiga picha ubao wakaondoka. Lakini wengine waliosoma walianza kuuliza mambo ambayo hayakuwa yakiulizwa: popo wanakuja saa ngapi, kwa nini maua yako juu hivyo, ule mkonge wa Korogwe nao unakufa hivihivi? Mama mmoja aliyekuja wa kwanza na kanga puani alirudi jioni, na kigoda chake, kumsubiri popo.

Kinachoniuma ni kwamba walio wengi hawakuliona ua. Umati ulikuwa mkubwa wakati ule ni mlingoti mtupu. Matawi yalipotoka, moja baada ya jingine, na maua ya kwanza yakafunguka, watu walikuwa wameshatosheka. Walikwisha kupiga picha zao, hakuna tena wa kuwasimulia. Kisha Simba na Yanga wakacheza, na habari ya mjini ikawa hiyo.

Maua yenyewe ilibidi uyatazame kutoka kwenye ngazi, iliyoegemezwa ukuta wa Mwalimu. Kila tawi limelala, na juu yake vijiua vya manjano vimesimama wima, vimesongamana, nyuzi zake zimechomoza ndefu kuliko petali. Ndani yamejaa asali ya maji maji. Ukiligusa tawi, inamwagika mkononi. Ilikuwa inadondoka mpaka kwenye majani ya chini, na sisimizi walikuwa wamepanga msafara kutoka kwenye tone moja hadi jingine, wakipita katikati ya FUNDI FRIJI. Nyuki walianza kabla jua halijatoka vizuri. Tuliopanda ile ngazi tulikuwa wachache: watoto wa mwanzi, mimi, yule babu wa Uru aliyevua koti kwanza, na Mwalimu ambaye mkewe alimkataza akapanda hivyo hivyo.

Majani yalianza kulegea kutoka pembeni, yakageuka manjano, kisha kahawia. Mlingoti ulikauka ukiwa umesimama. Jirani wa bati alipumua tulipoukata, na kukawa na mvutano kidogo wa nani auchukue, maana mti ule ni mwepesi na hauhitaji kupasuliwa. Aliupata yule kijana wa bodaboda aliyepiga picha ya kwanza, ni kombamoyo za banda lake la kuku sasa. Vichipukizi vilivyobaki nimevihamishia kwenye mstari wa mbele, vinazuia mbuzi.

Hivi karibuni nilikuwa kwenye daladala natoka Kiboriloni, baba mmoja aliyekaa pembeni yangu akasikia nikizungumza miche kwenye simu. Akaniuliza kama nilipata kuliona lile ua la Rau. Nikamwambia anisimulie. Akasimulia: kubwa hivi, jekundu, na harufu yake ilifika mpaka KCMC, wagonjwa wakalalamika. Yeye mwenyewe alikuwepo, alisimama karibu kabisa, nguo alizovaa siku ile mkewe alizifua mara mbili. Nikamuuliza lilikuwa linanuka zaidi asubuhi au jioni. Akafikiri kidogo, akasema jioni, hasa upepo ukigeuka.